Mwalimu Aliyegeuka Mtafutaji

Katika mwezi wa Novemba, mwaka 2012, nilikuwa katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, nikisomesha Kiswahili asubuhi na kuishughulikia shahada yangu ya udaktari mchana na usiku. Baridi ilikuwa imekwisha kuishika nchi, na mimi, mtu wa pwani, nilivaa nguo zangu zote kwa mara moja nikaonekana mnene kuliko nilivyo. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mpole aliyekuwa na taabu kubwa ya kulitamka neno ng'ombe, alinihurumia akanialika kwao kwa Sikukuu ya Shukrani. Kwao ni Stevens Point, mji mdogo ulio kaskazini ya Madison kwa mwendo wa saa mbili hivi kwa motokaa. Huko ndiko nilikolisikia kwa mara ya kwanza jina la Eddie Kotal, na tangu siku ile jina hilo halijanitoka moyoni. Sababu yake nitaieleza, ingawa sehemu ya sababu hiyo hainipi sifa.

Desturi ya watu wale, baada ya kula bata mzinga, ni kukaa mbele ya televisheni kutazama mchezo wanaouita mpira wa miguu, ingawa miguu haina kazi kubwa katika mchezo huo ila ya kukimbia. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili mfano wa papai changa. Hubebwa kwapani au hutupwa kwa mkono. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani, na upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira huwaendea wapinzani wao. Babu wa kijana yule, mzee aliyeikaribia miaka 90, ndiye aliyenieleza haya. Alinieleza mara tatu, na mara ya tatu nilijifanya nimeelewa.

Aliponiuliza kazi yangu nikamjibu kwamba nafundisha Kiswahili, na kwamba nyumbani kazi yangu ni kuwafundisha walimu, alifurahi sana. Akasema chuo kikuu cha mji wao zamani kilikuwa chuo cha ualimu, na kaka yake alisoma pale katika siku za Kotal. "Alikuwa mwalimu wa walimu," alisema mzee, macho yake yakiwa kwenye televisheni, "kisha akaondoka kwenda kuwatazama watoto wa watu wengine." Nilidhani ni lawama. Nilipomwuliza akakana, akasema ni habari tu.

Niliporudi Madison nilizisoma habari za mtu huyu katika maktaba, hali nikijua wazi kwamba hazikuwa na uhusiano wowote na tasnifu yangu. Kotal alizaliwa mwaka 1902. Alisoma na kucheza katika chuo cha Lawrence, mjini Appleton, chuo kidogo katika jimbo lile lile la Wisconsin, kisha akaichezea timu ya Green Bay Packers baina ya mwaka 1925 na 1929, mwaka ambao timu hiyo ilitwaa ubingwa wake wa kwanza. Timu hiyo ni mali ya wananchi wa mji wao kwa njia ya hisa zisizogawa faida, jambo lililonipendeza mno, maana nilidhani nchi ile haina kitu kisicho na bwana mmoja tajiri. Mwaka 1930 alikuwa mwalimu wa mchezo pale pale Lawrence, na kuanzia mwaka 1931 hadi 1941 aliifundisha timu ya chuo cha ualimu cha Stevens Point. Hakufundisha mpira peke yake; alifundisha mpira wa kikapu, ndondi na riadha pia. Katika chuo kidogo mwalimu hana ruhusa ya kuwa na ujuzi mmoja tu. Mwaka 1942 na 1943 alirudi Green Bay akiwa mwalimu msaidizi. Baada ya hapo akaacha kufundisha akaenda kufanya kazi ambayo wakati ule ilikuwa haijawa kazi.

Ili msomaji aielewe kazi hiyo, yampasa aujue kwanza mtindo wa Wamarekani wa kugawana wachezaji. Wachezaji wao hulelewa katika vyuo, na timu za kulipwa hazina ruhusa ya kuwanyang'anyana ovyo. Mwaka 1935 Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, ambayo ilikuwa dhaifu, alitoa shauri kwamba kila mwaka timu zikutane na kuchagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia na bingwa akimalizia. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwezi wa Februari 1936 katika hoteli moja ya Philadelphia. Majina kama 90 yaliandikwa ubaoni. Wa kwanza kuchaguliwa katika historia ya mchezo wao alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, naye, kwa mzaha wa majaliwa, hakupata kucheza hata siku moja katika ligi hiyo.

Ni nani aliyeyaandika majina yale ubaoni? Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Wenye timu waliyapata majina katika magazeti, katika majarida ya michezo, na kwa marafiki zao waliofundisha vyuoni. Macho ya timu yalikuwa macho ya mwandishi wa gazeti. Pale ambapo mwandishi hakufika, hapakuwa na mchezaji. Au tuseme mchezaji alikuwapo, anakimbia na kuanguka na kuinuka kila Jumamosi, lakini kwa upande wa ligi alikuwa hajazaliwa.

Dan Reeves, mwenye timu ya Rams, aliyeihamisha timu yake kutoka Cleveland kwenda Los Angeles mwaka 1946, ndiye aliyeona kwamba yafaa mtu alipwe mwaka mzima kwa kutazama tu. Mtu huyo akawa Kotal, naye hutajwa kuwa mtafutaji wa kwanza wa kudumu katika ligi hiyo. Nasema mtafutaji kwa kukosa neno linaloniridhisha. Kwa Kiingereza jina lake ni lile lile walilopewa vijana wetu wa skauti wenye skafu shingoni. Lakini nikisema skauti msomaji ataona filimbi na fimbo. Mpelelezi ananuka polisi. Msakaji anakwenda kuua. Mtafutaji angalau anakiri kwamba anachokitaka hajakipata.

Kazi yenyewe haina fahari. Mtafutaji hupanda treni na mabasi, hulala katika vyumba vya bei nafuu, huamkia mazoezi ya timu asiyoijua, husimama kando ya uwanja na kuwapima watu kwa macho: urefu, uzito, mwendo wa mtu akiwa na mpira, na hasa mwendo wake akiwa hana mpira, wakati anapodhani hakuna anayemtazama. Huzungumza na mwalimu wao, naye mwalimu aghalabu husifu kupita kiasi. Kisha huandika maneno machache na kuondoka. Siku ya uchaguzi maneno yake husomwa na watu wasiowahi kufika kule, na kwa maneno hayo kijana huitwa au huachwa.

Sasa nije kwenye safari iliyonifanya nimkumbuke mtu huyu kuliko wengine. Baina ya mwaka 1934 na 1945 ligi ile haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Rams walipohamia Los Angeles walitaka kuutumia uwanja mkubwa wa Coliseum, mali ya umma, na waandishi wa magazeti ya watu weusi wakasimama imara wakauliza vipi uwanja wa umma utatumiwa na timu inayowabagua watu wa umma huo. Ndipo mwaka 1946 Rams wakaandikiana mkataba na Kenny Washington, kisha na Woody Strode. Lakini hao wawili walitoka katika chuo kikuu cha mji ule ule, chuo kinachojulikana. Vyuo vya watu weusi wenyewe, vilivyotapakaa majimbo ya kusini kwa sababu ya sheria za kuwatenga, vilibaki kama havipo. Magazeti makubwa hayakuandika habari zao. Gazeti la Pittsburgh Courier, la watu weusi, liliziandika, lakini nani mwenye timu aliyelisoma?

Kaskazini ya Louisiana kiko chuo cha Grambling, na mwalimu wake wa mpira, Eddie Robinson, alikuwa ameianza kazi mwaka 1941. Katika timu yake alikuwapo kijana mzaliwa wa hapo hapo, Paul Younger, aliyeitwa Kifaru cha vita kwa jinsi alivyokuwa akiwapitia watu. Kotal alifika Grambling akamwona. Hebu tufikiri juu ya tendo hilo dogo: mzungu wa Wisconsin anashuka katika Louisiana ya mwaka ule, anasimama kando ya uwanja wa chuo cha watu weusi, na anafungua daftari. Sidai kwamba alikuwa mtakatifu. Alitumwa na tajiri aliyetaka kushinda. Lakini wengine nao walikuwa na matajiri waliotaka kushinda, na hawakwenda.

Katika uchaguzi ule hakuna timu iliyomchagua Younger. Rams walimchukua nje ya mgao, mwaka 1949, kwa dola 6,000, naye Robinson alikuwapo katika mapatano ya mshahara. Robinson akampa na onyo: kwamba akishindwa, hakuna ajuaye lini mwingine kutoka vyuo vyao atapewa nafasi. Onyo hilo nimelifikiri mara nyingi. Kijana wa miaka 21 anatwishwa mzigo wa watu wote ambao hawajatazamwa bado! Hata hivyo hakushindwa. Akawa mtu wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kucheza katika ligi hiyo, na mwaka 1951, Rams walipotwaa ubingwa kwa kuwafunga Cleveland Browns 24 kwa 17, yeye na wenzake wawili wa safu ya nyuma, Towler na Hoerner, walikuwa wakiitwa Tembo Madume. Alipoacha kucheza akawa mtafutaji wa Rams yeye mwenyewe, na mwaka 1975 akawa msaidizi wa meneja mkuu wa San Diego Chargers, cheo ambacho mtu mweusi hakuwahi kupewa kabla yake. Robinson naye alidumu Grambling hadi mwaka 1997, na wachezaji zaidi ya 200 walipita mikononi mwake kwenda kucheza kwa malipo.

Nimejiuliza kama mtu asiyepata kufundisha angeweza kufanya alichokifanya Kotal. Mwalimu hapewi nafasi ya kuchagua, huletewa. Katika chuo cha ualimu cha Stevens Point hawakuja vijana mashuhuri. Walikuja watoto wa wakulima na wa wafanya kazi wa viwanda vya karatasi waliotaka kuwa walimu wa shule, naye ilimlazimu afanye timu kwa hao hao. Miaka kumi na moja ya kazi kama hiyo humfundisha mtu kwamba kosa la mwanafunzi si mwisho wa habari yake. Mtafutaji asiyewahi kufundisha huliona kosa akaliandika. Aliyefundisha huliona, akajiuliza lilitoka wapi na litachukua muda gani kuondoka. Nafikiri pia kwamba mtu aliyesoma chuo kidogo na kufundisha chuo kidogo hana haja ya kuelezwa kwamba kuna watu mahali pasipotajwa.

Lakini nisimpambe mno. Hata timu hiyo iliyokuwa na macho kuliko zote ilipitwa. Mwaka 1952 kijana mmoja, Dick Lane, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha ndege na kuichukia, aliingia ofisini kwa Rams kwa miguu yake, mkononi ana kitabu alichobandika vipande vya magazeti vyenye habari zake. Alikuwa amecheza katika chuo kidogo cha Nebraska, kisha jeshini. Wakampa nafasi ya kujaribiwa. Msimu ule wa kwanza aliidaka mipira 14 iliyotupwa na wapinzani, hesabu ambayo mpaka leo haijapitwa katika msimu mmoja. Mtu wa namna hii alikuwa karibu yao, na wasingemwona lau asingekuja mwenyewe.

Baadaye mambo yakawa makubwa. Timu zikaungana kugawana gharama za watafutaji. Katika miaka ya 1960 Dallas Cowboys walimtumia mtaalamu wa takwimu kutoka India, Salam Qureishi, kuzigeuza ripoti za watafutaji kuwa hesabu za kompyuta. Wakazikusanya sifa nyingi wakazipunguza hata zikawa chache, miongoni mwao tabia, wepesi wa mwili, moyo wa kushindana, akili na nguvu. Tangu mwaka 1982 vijana hukusanywa mahali pamoja, wakapimwa na kukimbizwa yadi 40 mbele ya saa. Bado mwaka 2000 Tom Brady aliachwa hadi akawa wa 199. Sayansi hiyo siidharau. Nimeitumia mwenyewe, na hapo ndipo niliposema kwamba habari hii hainipi sifa.

Mwaka 2019 niliombwa kuingia katika kamati ya mfuko mmoja wa ufadhili unaowasomesha watoto wa shule za kata kidato cha tano na cha sita. Kwa ajili hiyo nilipunguziwa vipindi vya mwaka wa kwanza. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kusahihisha, na kuchagua kulionekana kuwa kazi ya mtu mzima. Tuliletewa fomu 300 na zaidi, kila moja ikiwa na barua ya mwombaji, na kila sifa ikiwa na alama zake. Nilikuwa nikitumia dakika nne kwa kila fomu, wakati mwingine tatu.

Barua moja ilitoka kwa binti wa wilaya moja ya kando ya Ziwa Viktoria. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Lakini aliandika kwamba anataka elimu imfikishe "mahari pa juu." Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti, na wanakamati wote, watu wenye shahada, tukacheka hata mmoja wetu akafuta machozi. Kisha nikaandika: "Ana hamu ya kusoma. Kiswahili chake hakijakomaa. Asichukuliwe." Mimi mtu wa pwani, ambaye miaka saba nyuma nilimvumilia kijana wa Wisconsin na ng'ombe wake kwa muhula mzima, nikaona ni njia ya kumsaidia ajue lugha, nilimkata binti yule kwa herufi moja.

Mwaka 2021 nilipelekwa wilaya hiyo kuwakagua wanafunzi wetu wa mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja nilitia sahihi kitabu cha wageni, na mkuu wa shule, mtu mzima kwangu kwa miaka michache, alilisoma jina langu na la chuo changu polepole.

"Karibu sana, Daktari," alisema. "Ninyi ndio wa ule mfuko? Tuliwahi kuwaretea jina la binti yetu mmoja."

Hakuwa akinituhumu. Alinieleza tu, tukiwa tumesimama mlangoni, kwamba shule yake ilikaa karibu miaka miwili bila mwalimu wa Kiswahili, na kwamba binti yule, akiwa kidato cha nne, alikuwa akikisoma kitabu usiku na asubuhi anawafundisha wadogo zake wa kidato cha kwanza. Aliwapa mazoezi na kuyasahihisha. Daftari la mahudhurio alilishika yeye. "Ndiyo maana tukamreta," alisema, na herufi ile ile ikapita kinywani mwake bila yeye kujua wala kuwa na haja ya kujua, maana hapo kila mtu hutamka hivyo, na wanaelewana.

Nilimwuliza binti yuko wapi. Akasema alisubiri majibu hadi mihula miwili ikapita, kisha akaenda kwa shangazi yake upande wa machimboni. Namba ya simu iliyoachwa haipatikani. Nikamwuliza kama kuna jambo lolote katika fomu yetu ambalo lingetufanya tujue kwamba alikuwa anafundisha. Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana, Daktari," alisema. "Hamkuuliza." Halafu akanikaribisha chai, nami nikainywa.

Katika kikao kilichofuata niliomba fomu iongezwe mstari mmoja mwishoni, wa kujazwa na sisi wenyewe si na mwombaji: "Je, msomaji wa fomu hii amefika shuleni?" Mwenyekiti, mtu mwema, aliuliza nauli itatoka fungu gani. Mwenzangu mmoja akasema kwamba tukianza kuzuru shule tutawapendelea tuliowaona. Hilo ni kweli, na sikuwa na jibu la kutosha. Kotal naye aliwapendelea aliowaona. Tulibishana hata jioni. Mwisho wakanikubalia shule tatu kwa mwaka kati ya mia na ushei, kwa majaribio, na masharti yakiwa kwamba nisafiri kwa basi.

Mwaka huu moja ya hizo tatu ni shule ambayo haijapata kutuletea fomu hata moja. Mkuu wake nilipompigia simu alidhani nimekosea namba. Basi la kwenda huko huondoka saa 11 alfajiri, na ameniahidi kwamba tutawaanza vijana wakiwa bado mchakamchaka, kabla hawajaambiwa kuwa kuna mgeni.